Shilingi Moja kwa Kilomita: Baisikeli, Simu na Pesa ya Mayatima Kutoka Kibwezi Hadi Kitui

Kuna barabara moja Ukambani ambayo watu wa baisikeli wanaipenda sana siku hizi. Inaanzia Kibwezi, Kaunti ya Makueni, inavuka Mto Athi kuingia Kaunti ya Kitui, inapita Ikutha, Mutomo na Ikanga, inafika Kitui mjini na kuendelea hadi Migwani. Yote ni takriban kilomita 190. Miaka michache iliyopita sehemu kubwa ilikuwa vumbi na changarawe, na mwenye baisikeli alihitaji mapafu, maji na maombi. Sasa kuna lami. Jua lakini ni lile lile, na mteremko wa kwenda ndio mlima wa kurudi.

Tangu lami ifike, wateja wetu wa pande hizo wanatuuliza swali linalofanana: "Tuko na kikundi cha baisikeli. Tunataka kuendesha tuchangishe pesa za mayatima. Tupokee pesa vipi?"

Jibu fupi ni Paybill. Jibu refu ni makala hii, kwa sababu tumegundua kwamba kupokea pesa ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kuhakikisha aliyetoa shilingi mia anaweza kujua ilikwenda wapi, hata kama yuko Doha na hajawahi kufika Mutomo.

Kwao sisi ndio ng'ambo

Kwa muda mrefu safari za namna hii zilikuwa mambo ya wageni. Mwaka 2015, Mskoti anayeitwa Mark Beaumont aliendesha baisikeli peke yake kutoka Cairo hadi Cape Town, zaidi ya kilomita 10,000, kwa siku 41 na saa kadhaa. Aliingia Kenya akitoka Ethiopia na kutokea Tanzania. Safari hiyo ilichangia shirika la wasanifu majengo liitwalo Orkidstudio, ambalo mwaka mmoja kabla lilikuwa limejenga kituo cha watoto yatima Nakuru kwa kutumia mifuko iliyojazwa udongo.

Angalia jinsi pesa ya safari kama hiyo inavyosafiri. Mtoaji yuko Uingereza na kadi yake ya benki. Anatoa kwenye tovuti. Pesa inaingia shirika la huko, linalokaguliwa na sheria za huko, kisha inavuka bahari. Mtoto yuko Kenya. Kwa yule mtoaji, Nakuru ni ng'ambo. Kitui ni ng'ambo. Sisi ndio "watoto wa mbali" wa kwenye picha.

Hatusemi hivyo kwa kejeli. Watu hao wametoa jasho na pesa. Tunachosema ni kwamba simu imebadilisha nani anaweza kutoa. Fundi wa Wote, mama wa maembe pale Kathonzweni na muuza ndengu wa Ikutha hawana kadi ya kuweka kwenye tovuti ya London, lakini wako na simu mfukoni na shilingi 50 ndani yake.

Wakenya walishaonyesha hilo mwaka 2011. Kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyoanzishwa wakati wa ukame mkali na Wakfu wa Safaricom, benki ya KCB, wamiliki wa vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu, ililenga kukusanya shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja. Watu walitoa hata shilingi kumi kupitia simu, na lengo likapitwa.

Mwaka uliofuata, 2012, Zack Kimotho aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini. Alitaka Wakenya wachange shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha kuwahudumia watu walioumia uti wa mgongo. Ujanja wa kampeni ile ulikuwa hapa: kadiri watu walivyochanga, ndivyo alivyokaribia kurudishwa nyumbani. Ukikaa bila kutoa, mtu anaendelea kusukuma magurudumu barabarani. Kwa maoni yetu hakuna kampeni ya Kenya iliyowahi kutumia umbali vizuri kuliko hiyo. Kilomita zilikuwa na maana. Hakuwa anasafiri tu ili apigwe picha.

Safari yenu ya Kibwezi–Kitui inaweza kubeba maana ya namna hiyo kwa njia nyepesi: shilingi moja kwa kila kilomita. Barabara nzima ni shilingi 190. Mtu anaelewa mara moja, na wengi watazungusha iwe 200.

Mayatima gani, wako wapi?

Kabla ya kuomba Paybill, jibuni hili swali. Tunawasihi mlijibu kwa makini, maana ndilo litaamua kila kitu kinachofuata.

Watu wengi wakisikia "mayatima wa Kitui" wanafikiria Nyumbani Village, kule upande wa Kwa Vonza, ambako pia kuna chuo kikuu cha SEKU. Wana sababu. Nyumbani ilianzishwa Nairobi mwaka 1992 na Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti Mmarekani aliyekuwa pia daktari, pamoja na Sista Mary Owens kutoka Ireland, kuwatunza watoto wenye virusi vya UKIMWI wakati dawa zilikuwa adimu. Halafu likaja tatizo lingine. UKIMWI ulikuwa umewaua watu wa umri wa kati. Vijijini walibaki wazee bila watoto wao, na wajukuu bila wazazi.

Wazo la Nyumbani Village lilikuwa kuwaweka pamoja hao waliobaki. Baraza la Kaunti ya Kitui la wakati huo lilitoa ardhi, ekari zipatazo elfu moja, na kijiji kikafunguliwa mwaka 2006, mwaka ule ule Padri D'Agostino alipofariki. Nyumba moja inakuwa na susu, au umau, na watoto kama kumi. Wengine ni wajukuu zake wa damu, wengine alipewa awalee. Wanalima na wanafuga, kuna shule za kijiji, na kuna mabwawa ya mchanga ya kuhifadhi maji kwenye mito inayokauka. Miti ya mukau imepandwa kwa wingi, ili siku zijazo mbao zisaidie kulipia gharama za kijiji badala ya kungoja wafadhili daima. Kijiji kikijaa kinabeba watoto karibu elfu moja na wazee karibu mia moja.

Lakini watoto wengi waliofiwa na wazazi hawako Nyumbani Village wala kituo chochote. Wako kwa susu pale kijijini kwenu. Unamjua. Ni yule anayekopa unga dukani mwisho wa mwezi, na mjukuu wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za shule.

Serikali nayo imebadilisha mwelekeo. Tangu Novemba 2017 usajili wa vituo vipya vya kulea watoto ulisimamishwa, na mwaka 2022 ukazinduliwa mkakati wa kitaifa wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kutoka vituoni hadi kwenye familia na jamii. Kwa hiyo mkija na mpango wa kuendesha baisikeli ili mjenge bweni jipya la mayatima, kuna uwezekano mkubwa mnachangia kitu ambacho nchi inajaribu kuachana nacho. Tunajua bweni linapendeza kwenye picha, na jiwe la msingi lina nafasi ya kuandika majina. Karo na unga wa susu havina jiwe la msingi. Sisi tungechagua unga.

Hesabu ya haraka. Mko waendeshaji 12. Kila mmoja anapata watu 50 wa kumchangia, kila mtu shilingi 200. Hiyo ni shilingi 120,000. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee na familia zinazolea mayatima, hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa kipimo hicho, safari yenu ya siku mbili ni sawa na kuwaongezea susu watano malipo kama hayo kwa mwaka mzima. Au ni nusu ya ukuta wa bweni.

Kwa nini isiwe nambari ya mweka hazina

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama, na wengi wao ni watu waaminifu kabisa.

Mnachagua mweka hazina mnayemwamini. Anatoa nambari yake ya simu. Ujumbe unaenda kwenye WhatsApp, unafika kwa shemeji, kwa kanisa, kwa Wakamba wa Qatar. Pesa inaanza kuingia. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo anapokea mshahara, ndiyo analipia stima, ndiyo mkopo wa simu unakatwa humo usiku wa manane bila kumuuliza. Baada ya wiki mbili hata yeye mwenyewe hawezi kutenganisha ya watoto na yake. Hajaiba, lakini hawezi kuonyesha kwamba hajaiba, na kijijini hayo mawili hufanana.

Kuna na kikomo. Laini ya mtu binafsi haiwezi kukaa na zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauwezi kupita shilingi 250,000. Safari ikishika moto, laini itajaa na michango itakayofuata itakataliwa. Mtu akikataliwa mara moja harudi tena jioni kujaribu.

Paybill inaondoa haya yote. Anayelipa anaona jina la kikundi au la shirika kabla ya kuweka nambari ya siri. Pesa inakwenda akaunti ya benki yenye wenye sahihi watatu, na hakuna mmoja wao anayeweza kuitoa peke yake. Ili kuipata mtahitaji cheti cha usajili wa kikundi, kumbukumbu za mkutano zilizotiwa sahihi, na vitambulisho na vyeti vya KRA vya viongozi. Anzeni mwezi mzima kabla ya safari. Tunaona maombi yakiletwa Alhamisi ya safari ya Jumamosi, na hapo hatuna la kuwasaidia.

Kama pesa inakwenda kwa shirika lililopo tayari, njia bora zaidi ni kutumia Paybill ya shirika hilo moja kwa moja. Nyinyi mnaendesha, wao wanapokea. Tunajua inauma kidogo, maana kikundi kinataka kuonekana kikikabidhi hundi kubwa ya karatasi. Lakini hatua moja ikipungua kati ya mtoaji na mtoto, swali moja limepungua pia.

Ile sehemu ya "nambari ya akaunti" kwenye Paybill msiiache mtu aandike anavyotaka. Mpeni kila mwendeshaji alama yake: ATHI1, ATHI2, hadi ATHI12. Anayemchangia mwendeshaji wa saba anaandika ATHI7. Mkichukua taarifa ya miamala mwishoni, mtaona kila mmoja alileta ngapi, na mtu aliyeahidi akasahau atakumbushwa bila ugomvi.

Ulizeni pia makato yanabebwa na nani. Kwa Paybill nyingi, mwenye Paybill huchagua: abebe yeye, abebe anayelipa, au wagawane. Watoaji 600 wakikatwa hata shilingi 5 kila mmoja, hiyo ni shilingi 3,000. Sio pesa ndogo kwa susu.

Suala la kibali lisisahaulike. Kuchangisha pesa kwa umma nchini kunaongozwa na Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106. Piteni kwa chifu au kwa naibu kamishna wa kaunti muulize mnachohitaji kabla ya kubandika bango. Polisi nao wajue mnapita lini, hasa kipande chochote mtakachogusa Barabara ya Mombasa, ambako malori hayana subira na mtu wa baisikeli.

Ukiwa wewe ndiye unayetoa

Ujumbe umefika: "Tafadhali tuwachangie mayatima wa Kitui, safari ya baisikeli, tuma kwa nambari hii." Kuna picha ya mtoto analia. Nambari ni ya mtu binafsi, na ukiweka kiasi, jina linalotokea hulijui.

Usitume. Rudi kwa aliyekutumia ujumbe umuulize swali moja: wewe unamjua mwenye nambari hii, au umeforwadi tu? Mara nyingi jibu ni la pili. Matapeli huchukua bango la safari ya kweli, wanabadilisha nambari peke yake, wanalirudisha kwenye makundi. Bango ni halali, baisikeli ni za kweli, barabara ni ya kweli. Kilichobadilika ni tarakimu chache tu. Ndiyo maana tunawaambia wateja kila siku: soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka nambari ya siri, na lilinganishe na jina la kikundi. Yakitofautiana, simamisha.

Ujumbe wa kweli hauogopi kutoa maelezo. Unaweza kuwa hivi:

"Habari zenu, mwaitu na wapendwa wote. Jumamosi na Jumapili nitaendesha baisikeli kutoka Kibwezi hadi Migwani, kilomita 190, tukilala Mutomo. Tunachangia familia tano za kina susu wanaolea wajukuu waliofiwa, kwa karo na chakula. Naomba shilingi 1 kwa kilomita, au ulicho nacho. Paybill ni ya kikundi, si yangu; utaona jina la kikundi. Akaunti andika ATHI7. Hesabu tutaitoa kabla ya mwisho wa mwezi ujao."

Pesa ngapi, za nini, jina gani, hesabu lini. Vyote vimo, na hakuna picha ya mtoto.

Hilo la picha tunalisisitiza. Mtoto aliyefiwa na wazazi kwa sababu ya UKIMWI, ukimuonyesha uso na kutaja jina na kijiji, umetangaza siri ya familia yake kwa watu elfu. Sheria ya kuzuia UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini, na Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yao. Pigeni picha baisikeli. Pigeni picha daraja la Athi asubuhi, linapendeza vya kutosha.

Mambo ya siku yenyewe

Siku ya safari watu wengi watachangia barabarani. Mtasimama Ikutha kununua maji, mwenye kibanda atauliza mnaenda wapi, atataka kutoa bob hamsini. Andikeni Paybill na alama mgongoni mwa fulana, kwa herufi kubwa. Msikusanye noti mkononi. Pesa taslimu iliyotolewa na watu ishirini kando ya barabara haina rekodi yoyote, na jasho likiisha kila mtu atakumbuka kiasi tofauti.

Kuna ujanja mwingine wa kuangalia hapo. Mtu anakuonyesha meseji kwenye simu yake kwamba ametuma shilingi 5,000, anaomba arudishiwe 4,000 kwa sababu "nimekosea sifuri". Meseji ya kughushi inatengenezwa kwa dakika moja. Yeyote anayesimamia Paybill aangalie salio na taarifa ya miamala, asiangalie meseji ya mtu. Na hata kama pesa imeingia kweli, marejesho hufanywa kupitia huduma kwa wateja, hayatoki kwenye mfuko wa mwendeshaji aliyechoka pale Ikanga.

Gharama za safari nazo ziwe mbali. Mafuta ya gari la kufuata, malazi ya Mutomo, tyubu, glukosi, chapati: waendeshaji wajilipie, au mtafute mfadhili wa hayo tu. Kama hamwezi, basi semeni wazi tangu mwanzo kwamba kati ya kila shilingi 100, shilingi kadhaa ni za safari. Watu hukubali mkiwaambia mapema. Wakija kugundua baadaye, hawakubali.

Baada ya kufika

Ndani ya wiki moja, wenye sahihi watatu wakae na taarifa ya miamala na risiti. Andikeni jumla iliyoingia, makato, iliyotoka na ilipokwenda. Mkiitoa kwenye kundi, fichani nambari za simu za watoaji. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu hata vikundi vidogo, na kuna mtu alitoa elfu kumi asiyetaka mke au mume ajue.

Karo lipeni moja kwa moja kwa akaunti ya shule, mkiandika nambari ya mwanafunzi. Chakula lipeni kwa duka la kijijini kwa Till, susu achukue kidogo kidogo. Pesa ya matumizi mtumieni susu mwenyewe kila mwezi, msimpe elfu ishirini na nne kwa siku moja mbele ya watu. Wajukuu, majirani na wadai wote watakuwa wameona. Simu ya susu iwe kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, na nambari ya siri aijue yeye. Tumeona simu za kina susu zikikaa na mjukuu mkubwa, na kila mwisho wa mwezi mjukuu ana viatu vipya.

Malipo ya kila mwezi yanaweza kupangwa mapema kutoka akaunti ya kikundi, yaende yenyewe tarehe moja hadi miezi kumi na miwili iishe. Wekeni tarehe 3 au 4. Duka huwa limeanza kudai tarehe 5.